Umeme Ukirudi, Nani Aamke Kwanza? Mwongozo wa kupanga mashine pepe kwa makundi

Umeme umekatika saa nane usiku, jenereta imegoma, betri za UPS zimeishiwa. Saa kumi na moja alfajiri umeme unarudi na seva ya hospitali inajiwasha yenyewe. Ukifungua ukurasa wa usimamizi, mashine zote zina alama ya kijani. Lakini mapokezi karani ameandika jina la mgonjwa wa kwanza na skrini inazunguka tu. Foleni inarefuka.

Kilichotokea ni kidogo sana. Programu ya wagonjwa iliamka kabla ya hifadhidata, ikaitafuta, ikaikosa, ikaacha kujaribu. Imewaka, lakini haifanyi kazi. Fundi ataizima na kuiwasha na mambo yatakaa sawa, endapo yupo, endapo simu yake inapatikana, na endapo anakumbuka ipi inaitegemea ipi.

Mwongozo huu ni kwako unayetunza seva moja, mbili au tatu za shule, hospitali, SACCOS au halmashauri, zenye mashine pepe ndani yake, yaani kompyuta zinazoishi kama programu ndani ya seva halisi. Nimetumia mfano wa Proxmox VE, mfumo wa bure kutoka Vienna, Austria, kwa sababu ofisi nyingi ndogo zimeanza kuutazama tangu Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023 na kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu. Ukiwa na XenServer, XCP-ng au vSphere, kundi la aina hii huitwa vApp. Hyper-V ina makundi yake tangu Windows Server 2016. Vitufe vinatofautiana, kanuni ni ileile.

Panga kwa huduma

Wengi wetu hupanga mashine kwa mfumo wake: za Windows huku, za Linux kule. Wengine hupanga kwa seva iliyozibeba. Mpangilio huo unasaidia kuhesabu mali, ila siku ya balaa haukuambii chochote. Mgonjwa hana shida na mashine namba 202. Anataka kuandikishwa, kupimwa na kupewa dawa, na kazi hiyo inabebwa na mashine kadhaa kwa pamoja. Ikifufuka moja bila wenzake, hakuna kilichofufuka.

Kwa hiyo kundi moja liwe huduma moja. Kundi ndilo linalowashwa, ndilo linalozimwa, ndilo linalonakiliwa, na ndilo linalofufuliwa. Ukishalikubali hilo, maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

> KABLA YA KUANZA, UWE NA:
> - Orodha ya mashine zote, pamoja na zile ambazo hakuna anayejua zinafanya nini
> - Nenosiri la msimamizi wa seva, likiwa limeandikwa mahali nje ya seva hiyo
> - Nakala rudufu ya jana iliyokamilika
> - Karatasi kubwa na kalamu

Hatua ya 1: Chora nani anamtegemea nani

Anza na karatasi, usianze na skrini. Chora kila mashine kama kiduara, kisha vuta mshale kutoka inayoomba kwenda inayoombwa. Kila mashine iulize maswali mawili: ikiwaka, inamtafuta nani kwanza? Ikizimwa, nani analia?

Usijibu kwa kukumbuka tu. Ingia ndani ya mashine ya Linux na uandike:

`ss -tnp`

Utaona miunganisho iliyo hai wakati huo na programu iliyoifungua. Fanya hivyo saa za kazi, watu wakiwa wanatumia mfumo. Kisha fungua faili ya mipangilio ya kila programu, utafute anwani na majina ya mashine nyingine. Mara nyingi hapo ndipo unapokutana na jambo la kushtua: mfumo wa famasi unasoma folda iliyo kwenye kompyuta ya mhasibu, au kila kitu kinategemea mashine moja ya DNS iliyowekwa zamani na fundi aliyekwishahama.

Kwa hospitali yetu ya mfano, karatasi inaweza kutoka hivi:

- Msingi: 101 (DNS na saa), 102 (majina ya watumiaji na manenosiri)
- Wagonjwa: 201 (hifadhidata), 202 (programu ya wagonjwa), 203 (ukurasa wanaoufungua makarani), 204 (maabara)
- Uhasibu: 301 (hifadhidata), 302 (programu)
- Mengineyo: 401 (kamera), 402 (mafunzo)

Angalia namba. Proxmox huanzia 100 na inakuruhusu kuchagua. Ukitenga mia moja kwa kila kundi, mtu mgeni anaelewa nusu ya mpangilio kwa kutazama orodha tu.

Kundi la msingi linastahili uangalifu wa peke yake. Kila mtu analihitaji, kwa hiyo usilifiche ndani ya kundi la wagonjwa. Saa nayo isidharauliwe: mashine zikitofautiana saa kwa dakika kadhaa, kuingia kwa nenosiri kunaweza kukataliwa ingawa nenosiri ni sahihi, na utahangaika asubuhi nzima ukitafuta kosa mahali ambapo halipo.

Hatua ya 2: Unda makundi

1. Fungua Datacenter, kisha Permissions, kisha Pools. Unda makundi: msingi, wagonjwa, uhasibu, mengineyo.
2. Ingia kwenye kila kundi, uongeze mashine zake. Mashine moja hukaa kwenye kundi moja tu, na hilo ni jema, linakulazimisha kuamua.
3. Toa ruhusa kwa kundi. Kijana wa uhasibu apewe uwezo wa kuwasha na kuzima kundi la uhasibu pekee. Kesho ukiongeza mashine ya tatu ya uhasibu, ruhusa inamfuata bila kuigusa.
4. Kwa mambo yasiyo ya huduma, kama vile mfumo wa uendeshaji au nani anaitunza, tumia lebo za rangi. Lebo zinaweza kuwa nyingi kwa mashine moja.

Hatua ya 3: Panga zamu ya kuamka

Kila mashine ina sehemu nne za kujaza: iwake yenyewe au la (onboot), zamu yake ni ya ngapi (order), seva isubiri sekunde ngapi kabla ya kuwasha inayofuata (up), na wakati wa kuzima isubiriwe sekunde ngapi (down). Unaweza kujaza kwenye ukurasa, chini ya Options, au kwa amri:

`qm set 101 --onboot 1 --startup order=10,up=30`
`qm set 201 --onboot 1 --startup order=20,up=90,down=300`
`qm set 202 --onboot 1 --startup order=30,up=45`
`qm set 203 --onboot 1 --startup order=40`

Nimeruka kwa kumi makusudi. Siku ukihitaji kuingiza mashine kati ya 20 na 30, utaipa 25 bila kupanga upya yote. Wakati wa kuzima, mpangilio hugeuka: wa mwisho kuamka huwa wa kwanza kulala. Mashine isiyopewa zamu huwashwa baada ya zote zenye zamu, kwa hiyo kamera na mafunzo unaweza kuziacha bila namba.

Zile sekunde 90 ni muda wa kusubiri tu. Seva haiendi kuangalia kama hifadhidata iko tayari kupokea maombi. Pima mwenyewe, na upime siku mbaya: hifadhidata iliyozimika ghafla hukagua na kurekebisha data yake kabla ya kufungua mlango, na kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kuwaka kwa kawaida. Kwa usalama zaidi, ifundishe programu yenyewe kujaribu tena. Kwenye Linux, ongeza mistari hii miwili katika faili ya huduma yake:

`Restart=on-failure`
`RestartSec=10`

Basi hifadhidata ikichelewa, programu itaanguka, itasubiri sekunde kumi, itajaribu tena. Ningeambiwa nichague jambo moja tu kwenye mwongozo huu mzima la kufanya leo jioni, ningechagua hilo.

> TAHADHARI TATU
> - Zamu inafanya kazi ndani ya seva moja tu. Hifadhidata ikiwa seva ya kwanza na programu seva ya pili, namba zako hazitasubiriana. Ziweke pamoja, au tegemea ile mistari ya kujaribu tena.
> - Mashine uliyoikabidhi kwa mfumo wa HA (unaoiwasha kwenye seva nyingine seva yake ikifa) haifuati zamu hizi kabisa. HA huiwasha kwa utaratibu wake. Toleo la 9 la Proxmox, lililotoka 2025, linakuruhusu kuweka kanuni za HA kwamba mashine fulani zikae seva moja au zitenganishwe.
> - Kama diski ziko kwenye kifaa cha pembeni cha mtandao, huenda kifaa hicho kikachelewa kuamka kuliko seva. Icheleweshe seva kuwasha mashine: `pvenode config set --startall-onboot-delay 120`

Kuzima nako kuna hesabu

Mashine isipokuwa na mpangilio wa muda wa kuzima, Proxmox huisubiri hadi sekunde 180. Ukiwa na ngazi nne za zamu na kila ngazi ikamaliza muda wake wote, hizo ni sekunde 720, dakika 12. Je, UPS yako inahimili dakika 12 ikiwa na mzigo wote? Itazame. Betri yenye umri mkubwa haifiki muda ulioandikwa kwenye boksi.

Sakinisha programu ya bure iitwayo NUT, iunganishe na UPS kwa waya wa USB, na uiagize ianze kuzima seva ikiwa betri imebaki nusu. Ndani ya kila mashine sakinisha QEMU guest agent ili amri ya kuzima isikike vizuri. Mashine isiyosikia husubiriwa hadi muda uishe, na muda huo unaliwa kutoka kwenye betri ya wenzake.

Hatua ya 4: Nakili kundi zima, na ujue kasoro yake

Nenda Datacenter, kisha Backup, unda kazi mpya, na kwenye uchaguzi wa mashine chagua kwa kundi, yaani Pool based. Faida yake kubwa ni kwamba mashine mpya ukiiweka kwenye kundi, inanakiliwa usiku huohuo. Orodha za mkono husahau.

Sasa kasoro, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo watu makini hujeruhiwa. Kwenye seva moja kazi hiyo hunakili mashine moja baada ya nyingine. Tuseme imeanza saa saba usiku. Hifadhidata ikanakiliwa ilivyokuwa saa saba kamili, mashine ya maabara ikanakiliwa ilivyokuwa saa saba na dakika arobaini. Katikati, wodi ya wazazi ilipokea mama mjamzito, akapimwa damu, picha ya majibu ikahifadhiwa kwenye mashine ya maabara na kumbukumbu yake ikaandikwa kwenye hifadhidata. Siku utakapofufua nakala hizo, picha ipo lakini hakuna rekodi inayosema ni ya nani. Mpangilio ukiwa kinyume, rekodi ipo na picha haipo. Hospitali hailali, kwa hiyo huwezi kujitetea kwamba saa saba usiku hakuna kazi.

Fanya hivi:

1. Tazama kumbukumbu za kazi ya kunakili uone ni mashine ipi hutangulia. Inayotunza marejeo, yaani hifadhidata, itangulie; inayotunza mafaili ifuate. Faili lisilo na rekodi linaudhi, ila rekodi inayoelekeza kwenye faili lisilokuwepo inaweza kumdhuru mgonjwa.
2. Ndani ya mashine ya hifadhidata, toa nakala ya pili kwa chombo chake chenyewe, `pg_dump` kwa PostgreSQL au `mysqldump` kwa MySQL, kila baada ya saa chache, uipeleke mashine nyingine.
3. Kwa data isiyovumilia kupotea, washa utunzaji wa kumbukumbu za mabadiliko ya hifadhidata, ili uweze kuirudisha hadi dakika unayoitaka na kuilinganisha na mafaili.
4. Kama huduma inaruhusu kusimama, kama uhasibu, funga programu dakika chache, nakili, fungua.

Kumbuka pia kwamba nakala ya mashine hubeba zamu yake ya kuamka, lakini uanachama wa kundi na ruhusa hukaa kwenye seva yenyewe, ndani ya `/etc/pve`. Nakili folda hiyo kila wiki, kando. Bila hivyo utafufua mashine kumi zisizo na makundi.

Hatua ya 5: Nakala ikae wapi

Tarehe 10 Machi 2021 jengo la kituo cha data cha OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto. Wapo wateja waliokuwa na nakala rudufu, ila zilikaa jengo hilohilo. Kwa hiyo diski ya nje iliyo juu ya seva, ndani ya chumba kilekile, itakufaa diski ya ndani ikifa. Moto, mafuriko na mwizi vitaichukua pamoja na seva.

Mawinguni je? Ni mahali pazuri pa kuweka nakala, ila usipafanye pekee. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo, kushusha data nyingi kutoka Ulaya ili kufufua mfumo wa hospitali ni jambo la kuomba Mungu. Nakala moja iwe mjini kwenu, jengo jingine, mahali ambapo mtu anaweza kuifuata kwa bodaboda na kurudi nayo. Ya pili iwe mbali.

Data za watu zikivuka mpaka, soma sheria kwanza: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nakala zinazotoka nje ya jengo zisimbwe kwa ufunguo, na ufunguo uchapwe kwenye karatasi na kufungiwa kwenye sefu. Ukiupoteza, nakala hizo hazitafunguka tena kwa mtu yeyote.

Kisha keti na mkuu wa taasisi mpate majibu ya maswali mawili kwa kila kundi. Tuko tayari kupoteza data ya muda gani? Huduma irudi ndani ya muda gani? Wagonjwa inaweza kuwa saa moja na saa mbili. Mafunzo inaweza kuwa wiki. Majibu hayo ndiyo yanayosema pesa iende wapi, na ni haki yake kuyatoa yeye, akiwa ameelezwa gharama.

Hatua ya 6: Fanya zoezi

Nakala ambayo haijawahi kufufuliwa bado ni matumaini. Kila miezi mitatu chagua kundi moja na ulifufue pembeni:

1. Kwenye seva ya zoezi, unda daraja la mtandao lisilo na waya wowote, tuseme vmbr9, lenye `bridge-ports none`.
2. Unda kundi liitwalo zoezi.
3. Rudisha kila mashine kwa namba mpya: `qmrestore FAILI-YA-NAKALA 9201 --unique 1 --pool zoezi`
4. Kabla ya kuwasha, ihamishie kwenye daraja lililofungwa: `qm set 9201 --net0 virtio,bridge=vmbr9`
5. Zuia isijiwashe seva ikiwaka: `qm set 9201 --onboot 0`
6. Washa kwa zamu, ukishika saa.
7. Mwite karani wa mapokezi. Amtafute mgonjwa wa wiki iliyopita, afungue majibu ya maabara. Yeye ndiye aseme imerudi au haijarudi.
8. Andika dakika zilizotumika na kila kilichokwama. Futa kundi.

Usiruke namba 4 ya orodha hii. Mashine ya zoezi ikiamka kwenye mtandao halisi na anwani ileile ya mashine iliyo hai, watu wataanza kuandika kwenye nakala bila kujua. Na ukifufua kweli siku ya balaa, usitumie `--unique`, kwa kuwa hubadilisha anwani ya MAC, na baadhi ya leseni na mipangilio ya DHCP imefungwa kwenye anwani hiyo.

Makosa yanayojirudia

Manenosiri ya kufufulia yametunzwa ndani ya mashine inayotakiwa kufufuliwa. Kifaa cha nakala kinaitwa kwa jina, na jina hilo linajulikana na DNS iliyo ndani ya mashine 101, ambayo nayo imekufa. Tumia namba ya anwani. Mtu anatumia snapshot kama nakala rudufu, ilhali ipo diski ileile na itakufa nayo. Na kila mashine imepewa zamu ya kwanza kwa sababu kila idara ilidai yake ni muhimu zaidi.

> BANDIKA UKUTANI, CHUMBA CHA SEVA
> ☐ Mchoro wa makundi na mishale, wenye tarehe
> ☐ Zamu ya kuamka na sekunde za kila mashine
> ☐ Nakala iko wapi, nani ana ufunguo wa chumba hicho
> ☐ Namba za simu za watu wawili, si mmoja
> ☐ Tarehe ya zoezi la mwisho na dakika zilizotumika

Kurudi nyumbani

Tuseme balaa limetokea, kundi la wagonjwa linaendeshwa kwenye seva ya jengo la pili, na seva ya kwanza imetengenezwa. Hatari sasa ni kwamba mashine za zamani bado zimo ndani yake, na zimeagizwa kujiwasha. Chomoa waya wa mtandao kabla ya kuiwasha. Ikishawaka, ingia kwa kibodi yake, uondoe `onboot` kwenye kila mashine ya kundi hilo, na uzime yoyote iliyoamka. Ndipo urudishe waya. Kisha tangaza muda wa kusimama, zima kundi linalofanya kazi kule, linakili lilivyo, na ulirudishe huku kwa namba mpya ukiwa umeziacha za zamani bila kuzigusa. Karani akithibitisha rekodi za leo zipo, washa `onboot` kwenye mashine mpya. Za zamani zikae zimezimwa wiki mbili hivi, kisha zifutwe.